Kutoka Panda hadi Ndani ya Uboho: Historia ya Chuma Kinachorefusha Miguu

Mtu mzima anayetaka kuongezewa sentimita tano au saba za urefu kwa upasuaji huwekewa mbele yake vyuma vya kila namna: pete zinazozunguka mguu kwa nje, ufito wa titani unaosukumwa ndani ya uboho, ufito wa chuma cha pua, wenye sumaku au wenye mota. Matangazo humshawishi achague kwa kuangalia raha, yaani kipi kitamwachia kovu dogo na kipi kitamruhusu kusimama mapema. Historia inaelekeza kwingine. Kwa karibu miaka mia moja, vyuma vilivyosifiwa kwamba mwili umevikubali vimekuja kuaibika mahali pale pale, yaani pale vipande viwili vinaposuguana ndani ya mwili. Na ufito wa kurefusha mfupa umeundwa hivyo hasa: kipande kimoja kinateleza ndani ya kingine. Swali la kwanza la mwenye kuchagua lingefaa lianzie hapo, na wakazi wa Likasi, nchini Kongo, wana sababu ya kulifuatilia, maana sehemu ya historia hii imepita kwenye madini yao.

Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulikua juu ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, lakini mwamba wa Katanga hautoi shaba peke yake. Kuanzia miaka ya 1920, mitambo ya Panda, mjini humo, ilitoa aloi yenye kobalti iliyosafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, kwenda kusafishwa, na kwa miongo mingi Katanga ikawa chemchemi kuu ya kobalti duniani. Kule Marekani, Elwood Haynes alikuwa amekwisha kupata hataza mwaka 1907 ya aloi ya kobalti na kromi, ngumu na isiyoshika kutu, iliyolengwa visu na vifaa vya karakana. Mwaka 1932 maabara ya Austenal ilitoa aloi ya jamii hiyo kwa ajili ya meno bandia na kuiita Vitallium. Wapasuaji walikuwa wakihangaika wakati huo, kwa sababu misumari na bamba walizofungia mifupa iliyovunjika ziliota kutu mwilini, mfupa ukalika pembeni yake, na chuma kikalegea. Mwaka 1937 Charles Venable na Walter Stuck, wakiwa San Antonio, Texas, walichapisha majaribio yaliyoonyesha chanzo: maji ya mwili yana chumvi, na vyuma vya aina tofauti vikilowa humo huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaovila. Vitallium ilitulia. Mwaka 1938 Marius Smith-Petersen wa Boston akaitumia kutengeneza kikombe cha kiungo cha nyonga, na tangu hapo aloi ya kobalti ikaingia katika kila chumba cha upasuaji chenye uwezo.

Kobalti ikishayeyushwa haibebi jina la shimo ilikotoka. Hata hivyo, dunia ilikumbushwa ilikokuwa ikiitegemea mwaka 1978, vita vya Kolwezi, huko huko Katanga, vilipopandisha bei yake mara kadhaa kwa muda mfupi. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya Kongo inakwenda kwenye betri, lakini magoti na nyonga bandia nyingi duniani bado zinategemea aloi ya jamii ile ile. Nayo, licha ya sifa zake zote, ina kisa ambacho kila mtu anayefikiria kuwekewa chuma mwilini angepaswa kukijua. Nyonga bandia ambazo tufe na kikombe chake vyote vilikuwa vya kobalti na kromi ziliuzwa kwa vijana na watu wenye pilikapilika, kwa hoja kwamba chuma juu ya chuma kingedumu kuliko plastiki. Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy ilizirudisha nyonga zake za ASR, zilizokuwa zimewekwa kwa watu takriban 93,000. Msuguano ulikuwa ukitoa vumbi la chuma, nyama zilizozunguka kiungo zikaharibika, na kobalti ikapanda katika damu. Aloi haikuwa imebadilika sana tangu siku za Venable. Bamba la kobalti lililofungwa kwenye mfupa na kutulia halikuleta balaa la namna hiyo. Kilichobadilika ni kazi iliyopewa chuma hicho.

Tukilishika hilo, historia ya kurefusha miguu inasomeka kwa macho mengine. Alessandro Codivilla wa Bologna alieleza mwaka 1905 jinsi alivyokata mfupa wa paja na kuuvuta kwa nguvu kupitia msumari uliochomekwa kisiginoni, kwa maumivu na hatari kubwa. Aliyeifanya kazi hii iwezekane ni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifunga mguu kwa pete za chuma na waya zilizokazwa, akaukata mfupa kwa uangalifu, kisha akautanua taratibu, milimita moja kwa siku iliyogawanywa mara nne. Katika mwanya huo mfupa mchanga uliota wenyewe. Mrukaji Valeriy Brumel alitibiwa naye baada ya ajali ya pikipiki, na mwaka 1980 Mwitalia Carlo Mauri, mpanda milima, alirudi nyumbani kutoka Kurgan na mguu uliopona, madaktari wa Magharibi wakaanza kuuliza. Katika mbinu ya Ilizarov, sehemu zinazosogea zote ziko nje ya ngozi. Daktari huziona, huzikaza, huzibadilisha. Gharama yake inajulikana: waya hupenya ngozi kwa miezi mingi, matundu yake hupata usaha, na mgonjwa huishi na kizimba mguuni.

Hamu ya kukiondoa kizimba hicho ndiyo iliyozaa fito za ndani. Aleksandr Bliskunov wa Simferopol alitumia ufito wa namna hiyo mwaka 1983. Ufaransa ukafuata ufito wa Albizzia wa Jean-Marc Guichet na Paul Grammont, uliorefuka kila mgonjwa alipozungusha mguu wake hadi meno ya ndani ya ufito yakalia, mara 15 kwa kila milimita; wengine walishindwa kuvumilia maumivu. Ufito wa ISKD, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2001, ulirefuka kwa mwendo wa kawaida wa mguu, na tatizo lake likawa kwamba haukutii: uliweza kukimbia, ukavuta mfupa haraka kuliko mfupa ulivyoweza kuota. Ujerumani walitengeneza Fitbone yenye mota ya umeme. Kisha mwaka 2011 ukaruhusiwa Precice wa titani, wenye sumaku ndani, unaorefushwa na kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, na hata kurudishwa nyuma ikihitajika. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Upungufu wake mkubwa ulikuwa huu: haukuweza kubeba uzito wote wa mwili, hivyo mgonjwa wa miguu miwili alitegemea magongo au kiti cha magurudumu kwa miezi.

Mwaka 2018 kampuni ya NuVasive ilileta ufito wa Stryde, ikaacha titani na kuchukua chuma cha pua chenye kromi na manganizi kwa wingi na nikeli karibu hakuna. Kiliweza kubeba mtu mzima akiwa wima. Kwa wateja wa urefu wa urembo, ambao hukatwa mifupa ya miguu yote miwili na hutaka kurudi kazini, hiki ndicho kilichokuwa kikisubiriwa, na wengi walikichagua kwa sababu hiyo tu. Mwanzoni mwa 2021 kikaondolewa sokoni. Madaktari wa Denmaki, walipowakagua wagonjwa wa nchi nzima, walikuta maumivu, mfupa uliolika na utando wa mfupa uliovimba, tena mahali mahususi: kwenye ungio, pale kipande chembamba kinapotokea ndani ya kile kinene. Fito zilizotolewa zilikuwa na kutu hapo hapo. Onyo la Venable na Stuck lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 80.

Wapo watakaosema kwamba jibu basi ni kurudi kwenye titani. Titani kweli huelewana vizuri na mfupa, lakini haipendi kusuguliwa, na aloi inayotumika sana ina alumini na vanadi. Uingereza ilisimamisha kwa muda hata fito za Precice za titani mwaka ule ule, hadi ushahidi uliporidhisha. Nakubali kwamba rekodi yake ni bora kuliko ya Stryde. Ningemshauri mtu aipendelee kama hana budi kuchagua ufito. Ninachokataa ni kuiona kama chuma kisicho na deni. Wengine watasema mtu mzima ana haki juu ya kimo chake, na dhihaka anazovumilia mtu mfupi ni maumivu halisi. Haki hiyo siipingi. Lakini mizani haiko sawa. Mtoto wa Likasi aliyebaki na mguu mfupi baada ya mfupa kuoza kwa usaha, au mchimbaji aliyevunjika paja likaunga vibaya, akirefushwa mguu anapata kutembea. Hatari ya chuma inalipwa na ugonjwa unaoondoka. Mwenye miguu mizima hana ugonjwa wa kulipia, hivyo kila kasoro ya chuma inabaki kuwa hasara tupu. Uchina ilipiga marufuku upasuaji huu wa urembo mwaka 2006 baada ya watu kulemazwa, na huko wengi walifungwa pete za nje, ambazo kwa kipimo cha msuguano ndizo salama zaidi. Chuma kizuri mikononi mwa asiyefuatilia hakimwokoi mtu.

Kwa hiyo, kwa Mkongomani anayefikiria kusafiri hadi Uturuki au India kwa ajili hii, jambo la kuulizia kabla ya bei ni kutolewa kwa ufito. Precice haikuundwa kukaa mwilini daima. Huondolewa baada ya mwaka hivi, mfupa ukishakomaa, na kwa vifaa vyake maalumu. Kabla ya hapo zinahitajika picha za eksirei kila baada ya wiki chache wakati wa kurefusha, na daktari anayejua kuisoma ile milimita moja ikiwa imegeuka mbili. Mgonjwa aulize ni nani Likasi au Lubumbashi atakayefanya hivyo, na ni nani atakayempigia simu chuma chake kikirudishwa na mtengenezaji. Denmaki waliweza kuigundua kasoro ya Stryde kwa sababu walijua kila ufito uko katika mguu wa nani, wakawaita wote wapigwe picha, na si kila aliyekutwa na mfupa uliolika alikuwa amelalamika maumivu.