Shamba la Muleba na Mume Mgeni

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Aliyenunua si wa ukoo wao. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaja juu, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akasema mila ya Wahaya hairuhusu: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo mpaka afe, kuliuza hapana. Kashasha ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikakataa, shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akamaliza ubishi: kwa Katiba yetu, mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Wanasheria wanaijua kesi hiyo kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory.

Mimi huisoma kama kesi ya ndoa, ingawa haina bwana harusi. Hofu ya ukoo ilikuwa nini hasa? Kwamba binti ni mpita njia. Leo yuko kwenye kibanja cha baba, kesho kaolewa kwingine, na ardhi itamfuata huko kwa watu baki. Mke humfuata mume, basi. Mume hamfuati mke.

Sasa fungua Sheria ya Uraia ya 1995, iliyotungwa miaka mitano baada ya hukumu ile. Kifungu cha 11 kinasema mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kupewa uraia wa tajnisi akiomba, wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hatajwi. Yeye njia yake ni tajnisi ya kawaida, sawa na mfanyabiashara aliyeshuka uwanja wa ndege bila kumjua mtu: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Kisha amsubiri Waziri, ambaye halazimiki kutoa sababu akikataa. Kwa watoto sheria hiyo ilisogea kidogo, maana aliyezaliwa nje ya nchi anaweza kupata uraia kwa mama. Mume akabaki pale pale. Ukoo wa Kashasha ulishindwa Mwanza, ukashinda Dodoma.

Kwingine jambo hili lingeweza kuwa la watu wachache wenye ndoa za mbali. Kagera si hivyo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, mstari wa rula usiojua nani kaoa wapi. Enzi za ukoloni vibarua kutoka Rwanda na Burundi walikuja kulima kahawa ya Wahaya, wengine wakabaki. Kuanzia 1959 wakaja wakimbizi wa Rwanda. Watu wakaoana. Mahari ilipelekwa kwa wazazi, padri au shehe akafungisha, sherehe ikaliwa. Nani angekumbuka kwenda Uhamiaji Bukoba kuuliza kibali cha ukaazi cha bwana harusi ambaye kijiji kizima kinamfahamu tangu anachunga ng'ombe?

Serikali ilikumbuka mwaka 2013. Mwezi Julai, uhusiano wa Dar es Salaam na Kigali ukiwa umechacha, Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka Rusumo kuingia Rwanda, wengi wakapokelewa kambi ya Kiyanzi, wilaya ya Kirehe. Magazeti yaliandika sana kuhusu ng'ombe na silaha. Habari za ndoa zilipita kama pembezoni: mume kule, mke huku, na watoto wakigawanywa kama vyombo vya ndani. Cheti cha ndoa hakikuwa ngao, na kwa mwanamume hakingekuwa hata hoja ya kuanzia.

Usiniambie ndivyo Afrika ilivyo. Mwaka huohuo wa 1995, ng'ambo ya Mutukula, Katiba mpya ya Uganda ilimpa haki ya kuandikishwa mtu yeyote aliyefunga ndoa halali na raia na ndoa ikadumu miaka 3, awe mume au mke. Kenya ikasema hivyo katika Katiba ya 2010, kwa miaka 7. Botswana, Unity Dow, ambaye baadaye sisi wasomaji tulimfahamu kwa riwaya zake, aliishtaki serikali kwa sababu watoto wake walinyimwa uraia kisa baba yao ni Mmarekani. Akashinda rufaa mwaka 1992.

Kwa hiyo wachukue Mhaya wa Kyaka na mumewe wa Masaka. Wakiishi kwao mume, Katiba inamtaja mke. Wakirudi Kyaka, jamaa anaanza kuhesabu miaka kwa mihuri ya pasipoti, huku shemeji yake aliyeoa Mganda akimjazia mkewe fomu ya kifungu cha 11.