Saa Hutetema, Mkono Hutetemeka

Jaribu kumwandikia mzee anayeugua Parkinson maelekezo haya: saa ikitetema, meza dawa ya kutetemeka. Hayana kosa, ila yanachekesha.

Kifaa chenyewe kipo. Kinaitwa PKG, kilibuniwa Australia, na huvaliwa kwenye kifundo cha mkono kama saa, kwa kawaida siku 6 mfululizo. Kila dakika 2 hukokotoa jinsi mkono unavyokwenda, umezidi uzito au umezidi kuchezacheza. Wakati wa dawa ukifika, kinatetema. Daktari baadaye hupata grafu ya siku zote hizo, wala hahitaji kumuuliza mgonjwa juzi saa kumi alikuwaje.

Kamusi hulilaza “tetema” kitanda kimoja na “tetemeka”, kama mapacha. Sikio langu linakataa. Simu iliyozimwa mlio inatetema juu ya meza, haitetemeki. Aliyenyeshewa mvua Lushoto anatetemeka. Ni kile kiambishi cha “vunjika” na “chanika”, cha jambo linalokupata bila wewe kulitaka. Tangu Rayvanny na Diamond Platnumz watoe “Tetema” mwaka 2019, kwa vijana kitenzi hicho ni kiuno kinachotii amri ya mwenyewe. Basi saa na wacheza ngoma wachukue “tetema”, mgonjwa abaki na “tetemeka”, na dalili yake tuiite mtetemeko.

Mtetemeko nao si mmoja. Ule wa Parkinson hupenda mkono uliolala mapajani, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mara nyingi hutulia mkono unapofuata kikombe. Upo mwingine unaosubiri kikombe kishikwe ndipo uanze kumwaga chai. Wa kwanza ningeuita mtetemeko wa mkono uliotulia. Jina refu, nakubali, lakini halidanganyi.

Daktari James Parkinson wa London mwenyewe alihangaika na jina. Mwaka 1817 aliuita ugonjwa huu kupooza kwa kutetemeka. Kwetu aliyepooza hatikisiki, kwa hiyo jina hilo linajipinga. Hata hivyo alikuwa ameona mambo mawili kwa pamoja, kutikisika na kuishiwa wepesi. Alieleza wagonjwa 6, na baadhi yao aliwaona barabarani tu. Hakuwa na saa ya kuwavisha.

Huko kuishiwa wepesi ndiko kunakonisumbua. Ukiandika “matatizo ya mwendo”, msomaji wa Dar es Salaam anafikiria miguu, au basi la mwendokasi. Lakini ugonjwa huu unachelewesha pia kifungo cha shati, kalamu na kope. Nimeridhika na “uzito wa mwili”, kwa kuwa mzee atakuambia hivyo kabla hujamuuliza.

Na pale dawa ya levodopa inapomfanya mtu ajinyongenyonge bila kutaka? “Kupapatika” nimelikataa, ni la kuku aliyechinjwa. “Kufurukuta” ni la mtu anayetaka kuchomoka. “Kuchezacheza” linatosha: hata jino bovu huchezacheza, wala hakuna anayedhani linafurahi.

Kitu kinachohisi yote haya ndani ya saa ni kipimamchapuko. Neno linatisha hadi ulivunjevunje: mchapuko wa wanafizikia ni jinsi kasi inavyobadilika, umetokana na kuchapuka, na karibu yake kuna chapuo, ile ngoma ndogo. Silibadilishi.

Limenishinda jina moja. Ni la ile saa ambayo nguvu ya dawa ya asubuhi imeisha na ya mchana haijashika, mtu amekaa kitini kama aliyegandishwa. Kwenye grafu inaonekana wazi, na ndiyo daktari anayoitafuta ili apange upya nyakati za dawa. Wewe unayemuuguza mzee wa namna hii, mnaiitaje nyumbani kwenu? Niandikie.