Siri Mbili Zataka Mashahidi Wawili

Watu wengi hudhani kwamba hesabu za herufi, zile x na y ambazo watoto wetu huandika ubaoni, zilizaliwa Ulaya zikaletwa kwetu pamoja na chaki. Sivyo. Hesabu hizi ni za kale, nazo zimepita mikononi mwa mataifa mengi. Yafaa tujue habari zake, maana zamfaa hata mtu auzaye mchele sokoni hapa Kailo.

Kwanza tutazame mfano. Mama mmoja amenunua makopo 3 ya mchele na chupa 2 za mafuta ya mawese. Muuzaji hakutaja bei ya kila kitu, alitaja jumla tu: franka 12,000. Kesho yake, kwa bei zile zile, mama akanunua kopo 1 na chupa 2, akalipa franka 8,000. Je, kopo ni bei gani, na chupa bei gani?

Njia ya kwanza ni kuondoa. Chupa ni mbili siku zote mbili. Basi tukitoa hesabu ya pili katika ile ya kwanza, mafuta yanaondoka, yanabaki makopo 2 kwa franka 4,000. Kopo moja ni franka 2,000, na chupa ni franka 3,000.

Wachina waliijua njia hii zamani sana. Kitabu chao kiitwacho Sura Tisa za Hesabu, kilichokusanywa miaka kama 2,000 iliyopita, chaifundisha katika sura ya 8. Swali la kwanza ni la nafaka za namna tatu. Mafungu 3 ya nafaka njema, 2 ya kati na 1 ya hafifu yalitoa vipimo 39. Mafungu 2, 3 na 1 yalitoa 34. Mafungu 1, 2 na 3 yalitoa 26. Walipanga vijiti ubaoni, safu kwa safu, wakazidisha na kutoa mpaka ikabaki nafaka ya namna moja tu. Wakapata kwamba fungu jema lina vipimo 9 na robo, la kati 4 na robo, na la hafifu 2 na robo tatu. Mwaka 263 mtaalamu Liu Hui alieleza sababu za njia hiyo.

Njia ya pili ni kuweka badala. Yapata mwaka 820, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho katika jina lake limo neno al-jabr, asili ya neno letu aljebra. Akitaka kugawa kumi mafungu mawili, aliliita fungu moja "kitu," na la pili "kumi kasoro kitu." Hivyo siri ya pili yasemwa kwa jina la ile ya kwanza. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kopo 1 ni franka 8,000 kasoro chupa 2. Makopo 3 basi ni 24,000 kasoro chupa 6. Tukiongeza zile chupa 2 za siku ya kwanza, twapata 24,000 kasoro chupa 4, nayo ni sawa na 12,000. Chupa 4 ni 12,000, na chupa moja ni 3,000. Jibu ni lile lile.

Hata neno "hesabu" ni la Kiarabu. Lilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Nyangwe na Kasongo, kwa njia ile ile ya pembe na ya watumwa. Neno jema lilipita njia ya machozi.

Ulaya nayo ilikuwa na sehemu yake. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Padri Giuseppe Piazzi aliona sayari ndogo Ceres, ambayo baadaye ilipotea katika mwanga wa jua. Gauss, kijana wa miaka 24, alihesabu mahali pa kuitafuta, ikaonekana tena mwishoni mwa mwaka. Miaka michache baadaye, akihesabu njia ya sayari ndogo nyingine, Pallas, alitumia kule kuondoa, na mpaka leo njia hiyo huitwa kwa jina lake. Kumbe Wachina walimtangulia kwa miaka zaidi ya 1,500!

Sasa tushike jambo moja. Siri mbili zataka mashahidi wawili, na kila shahidi aseme lake. Shahidi wa pili akisema, "Makopo 6 na chupa 4 ni 24,000," amerudia tu maneno ya kwanza mara mbili, hatujui zaidi. Akisema ni 26,000 kwa bei zile zile, hakuna bei yoyote duniani itakayopatana na maneno yote mawili. Hapo ama mmoja amekosea, ama amedanganya.

Torati nayo yataka mashahidi wawili au watatu kabla ya hukumu. Amri ya saba yakataza wizi, na ya nane ushahidi wa uongo. Mkulima auzaye mpunga na mchimbaji auzaye mawe yake, wakitajiwa jumla tu, waweza kuibiwa bila kujua. Basi, enyi wazazi, nunueni daftari. Andikeni kila siku mlichouza na mlicholipwa, kisha mpeni mtoto asomaye, wa kiume au wa kike, aondoe kimoja na kutafuta cha pili.