Bushido: njia ya mpiganaji

Vijana wanaofanya judo au karate katika komini ya Lubumbashi hulisikia mapema neno bushido, na wengi hulichukua kuwa sheria za vita. Neno hili la Kijapani lina sehemu mbili: bushi, mpiganaji wa tabaka la samurai, na do, njia. Do hiyo ndiyo iliyomo katika judo: mwenendo wa maisha mazima.

Dunia ililizoea neno hili kupitia kitabu cha mwandishi Mjapani Nitobe Inazo cha mwaka 1900. Kufikia wakati huo samurai walikuwa wamekatazwa kubeba panga hadharani tangu 1876, na Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882. Panga zilibaki nyumbani, maadili yakahamia kwenye tatami, mkeka wa mazoezi.

Maadili yanayotajwa sana ni saba: gi ni haki, yu ni ujasiri, makoto ni ukweli, chugi ni uaminifu kwa mkuu. Rei na meiyo zote hufasiriwa "heshima", zikachanganyika. Afadhali rei iwe adabu, na heshima ibaki kwa meiyo, yaani jina jema la mtu. Jin huandikwa "huruma", lakini utu unafaa zaidi: huruma huja na kuondoka, utu tunadaiwa kila siku. Mtazame mchezaji aliyembana mwenzake shingo. Aliyebanwa akigonga tatami mara mbili, mkono huachia papo hapo. Hiyo ndiyo jin.

Na bushi tumwiteje? Soda, tunavyosema Lubumbashi, ni mtu wa jeshi la serikali. Shujaa ni sifa ya aliyekwisha kutenda. Nachagua mpiganaji, ingawa Kongo jina hilo limechafuliwa na wenye bunduki wanaowapora raia. Kwa sababu hiyo hasa linatufaa: maadili haya yalimlenga mtu mwenye uwezo wa kuua, yamfunge mkono.

Maadili haya yakivunjwa vipande, yanaua. Katika vita vilivyokwisha 1945, watawala wa Japani walikuza chugi peke yake, wakawahimiza askari wafe kuliko kujisalimisha. Mwalimu wa Lubumbashi anayefundisha uaminifu na atangulize haki na utu, maana kijana aliyefunzwa kutii tu atamtii hata anayemwamuru kuonea watu.