Nyasi za Nani?

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoifanya ardhi waliyokalia Waafrika, katika nchi tunayoiita Kenya leo, kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 mahakama ikakazia msumari: Mwafrika ni mpangaji tu, anayeweza kuondolewa wakati wowote. Uhuru ulipokuja, malisho ya kaskazini yaliwekwa chini ya halmashauri zilizoyashika kwa niaba ya wenyeji. Ilibidi kungoja Katiba ya 2010 itamke kwamba ardhi ya jamii ni ya jamii, kisha sheria ya 2016 ieleze namna ya kuisajili.

Katikati ya tarehe hizo mbili iliingia biashara ya hewa ukaa. Mradi ulioratibiwa na shirika la Northern Rangelands Trust unahesabu kaboni yake kuanzia 2013, katika takriban hekta milioni 1.9 za malisho. Nadharia yake ni nyepesi kueleza: nyasi zikipumzishwa hurefusha mizizi, na kaboni hubaki udongoni. Kila tani ya hewa ukaa inayohesabiwa ni krediti moja ya kuuzwa. Netflix na Meta walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mfugaji alitakiwa kuhamisha mifugo yake kwa mpango.

Waborana wa Isiolo walikuwa na mpango tayari. Baraza lao la wazee, dedha, ndilo lililoamua malisho yapi ni ya masika, yapi ya kiangazi, na yapi yaachwe kwa ajili ya mwaka wa ukame. Mkoloni aliyewaona kama wapangaji hakuyatambua mamlaka hayo. Nami najiuliza, mradi uliokuja kuwafundisha kuhamahama kwa ratiba uliyatambua kiasi gani?

Mwaka 2021 wakazi walikwenda mahakamani Isiolo, wakidai kwamba hifadhi zilizoanzishwa kwenye ardhi yao ziliundwa bila wao kushirikishwa. Moja ya hifadhi hizo, Biliqo Bulesa, imo ndani ya mradi wa kaboni. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikubaliana nao.

Sioni ubaya wa mfugaji kulipwa kwa nyasi alizotunza. Ila muuzaji hutambulika kwanza kama mwenye mali, ndipo bei izungumzwe. Jamii nyingi za kaskazini bado hazijasajili ardhi yao. Kwao, hati itangulie mkataba.