Kabla ya mitumba, Olenguruone ilivaa nini?

Wasee, wiki hii nimetumiwa video kadhaa za vijana wa Nairobi wakitufundisha kuvaa nguo "zinazojali mazingira". Video ni nzuri, mwanga umekaa poa, shati ya kitani imepigwa pasi ikanyooka. Shida yangu ni moja tu. Wanaongea kama hii fikra ilishuka na ndege juzi. Huku kwetu Olenguruone, ambako hata Januari unavaa koti, watu walikuwa na nguo za aina hiyo kabla ya huyo mzungu wa kwanza kuiona Mau. Na hazikupotea zenyewe.

Hebu tuanze na Waogiek, maana msitu ulikuwa wao. Unajua perere? Ni yule mnyama mdogo wa mitini ambaye usiku analia kama mtu anayenyongwa. Wageni wakilala huku mara ya kwanza wanatafuta polisi. Waogiek walimtega, wakala nyama, na ngozi ikawa nguo. Ngozi moja ni ndogo, haifiki hata mabegani, kwa hivyo koti moja lilihitaji ngozi nyingi zilizokwanguliwa, zikakaushwa, zikalainishwa, kisha zikaunganishwa kwa mshono. Manyoya yake ni mazito kwa sababu perere mwenyewe anaishi kwenye baridi ileile. Hakuna kilichotupwa, na aliyelivaa alijua nani alitega na nani alishona. Leo ukitaka kujua nani alishona jinzi yako, utauliza hadi uchoke.

Koti hilo liliisha vipi? Si eti watu walichoka nalo. Perere anataka miti mikubwa yenye mapango, na mwindaji anataka ruhusa ya kuingia msituni. Serikali ya kikoloni iliweka sheria za uwindaji na kuufanya msitu mali yake. Tume ya Ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934, ile ya Carter, ikapendekeza Waogiek watolewe msituni na wachanganywe na makabila jirani. Ukimtoa mtu msituni umemvua nguo pia, hata kama karatasi inaongelea ardhi peke yake. Blanketi la dukani likaingia mahali pa ngozi. Kesi ya msitu yenyewe imekuja kuamuliwa juzijuzi: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliwapa Waogiek ushindi mwaka 2017, na 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Makoti hayamo kwenye hesabu hiyo.

(Najua kuna mtu ataniuliza kuhusu 1941, Wakikuyu walioletwa hapa na kiapo walichokula, hadi wakafukuzwa. Hiyo ni posti yake, tena ndefu. Leo ni nguo.)

Sasa sufu. Lord Delamere alipofika Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita aliingiza kondoo wa kigeni, na wengi wakafa. Baadaye ikajulikana kwamba udongo wa sehemu za Nakuru umepungukiwa na kobalti, mnyama anakula nyasi za kijani kibichi huku anakonda. Kondoo walikuja kushika vizuri zaidi juu huku, Molo na Mau Narok. Eldoret nako kukawa na kiwanda cha vitambaa vya sufu, Raymond. Yaani kwa wakati fulani mtu wa Bonde la Ufa angeweza kuona kondoo na suti kwenye barabara moja. Leo uliza Molo inajulikana kwa nini. Utajibiwa nyama.

Kwa pamba hadithi ni hiyohiyo. Kisumu walikuwa na Kicomi, Nanyuki walikuwa na Mountex, Eldoret ikapata Rivatex miaka ya 1970. Watu wanapenda kusema mitumba iliua hivi viwanda, na wanaishia hapo. Mimi naona ni jibu la uvivu. Mkulima wa pamba alikuwa anacheleweshewa pesa zake muda mrefu kabla ya beli kujaa Gikomba, na mashine zilikuwa zimezeeka. Usimamizi ulikuwa wa kujuana. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa kwa shinikizo la wakopeshaji, na kiwanda kilichokuwa mgonjwa kikaambiwa kikimbie mbio. Rivatex ilifungwa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, ikazinduliwa upya na mashine mpya 2019. Ni heri, ila miaka hiyo yote mafundi walizeeka nyumbani.

Na mitumba yenyewe? Nimevaa mitumba maisha yangu yote na sitamwaibisha mama yeyote anayeuza pale sokoni. Lakini tusidanganyane kwamba ni usafi wa mazingira. Beli ya kilo 45 inafunguliwa bila kujua kilichomo. Kamera zinaenda kwanza, kwa wenye pesa na wenye maduka ya Instagramu. Ya katikati inatufikia sisi. Inayobaki ni fagia, na fagia isiponunuliwa inachomwa au inaishia mtoni. Nyingi siku hizi ni poliesta, ambayo ni plastiki tu yenye vifungo. Ulaya wanaita hiyo kutoa msaada, sisi ndio tunalipia beli.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba polepole hadi 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, AGOA ikatajwa, Kenya ikarudi nyuma haraka. Rwanda ilikaza, na 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kwa hivyo mtu akikwambia nguo ni uamuzi wako binafsi mbele ya kioo, mkumbushe hiyo. Na mpya za bei ya chini si kimbilio: Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh, washonaji zaidi ya 1,100 wakafa, na nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla.

Kwetu kitu kilichobaki ni sweta ya shule. Kuna akina mama wenye mashine za kufuma, wanafuma sweta inayopitishwa kutoka kifungua mimba hadi kitinda mimba, kiwiko kikitoboka kinarudishiwa uzi kwa bei ya chai na mandazi. Uzi ni wa akriliki, sikatai, sufu ya Molo haifiki kwao. Lakini hiyo ndiyo fashoni inayodumu, na aliyeifuma unamsalimia kanisani. Halafu unasikia shule inaagiza wazazi wote wanunue duka moja tu la mjini, sweta nyepesi ambayo haimalizi mwaka, bei mara mbili. Mkutano wa wazazi wa muhula ujao, nauliza kwa heshima, suala la sweta lizungumzwe kabla ya lile la basi.