Namba ya Ndani: Tarehe ya Saa za Mfukoni za Marekani

Katikati ya karne ya kumi na tisa, Mmarekani aliyetaka saa ya mfukoni kwa kawaida alinunua ya Kiingereza au ya Kiswisi. Hata Abraham Lincoln, alipokuwa wakili tu wa Springfield, Illinois, alinunua saa yake ya dhahabu kwa sonara wa mji huo, George Chatterton, lakini mashine iliyokuwa ndani ilitoka Liverpool. Aprili 1861 saa hiyo ilikuwa mezani kwa fundi mmoja mjini Washington, Jonathan Dillon, ilipofika habari kwamba ngome ya Fort Sumter imepigwa mizinga na vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza. Dillon alitoa uso wa saa, akachora kwa ncha ya chuma maneno machache na tarehe juu ya bamba, akaurudisha uso mahali pake. Lincoln alitembea na maandishi hayo mfukoni bila kuyajua. Machi 2009 makumbusho ya historia ya taifa huko Washington iliifungua saa, na maneno yakakutwa palepale.

Mwenye kutaka kujua umri wa saa ya Kimarekani naye hana budi kuanzia ndani. Kasha hubadilishwa, uso hubadilishwa, akrabu hubadilishwa, hata mnyororo huwa wa babu mwingine kabisa. Mashine ndiyo iliyoandikwa jina na namba kiwandani, na ukitaka kuelewa kwa nini Wamarekani walizipa saa zao namba kwa uangalifu namna ile, lazima urudi kwa Aaron Dennison.

Dennison alikuwa fundi saa wa Boston. Katika karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, ile ya Massachusetts, aliona bunduki zikitengenezwa kwa namna ambayo kipande cha bunduki hii kiliingia katika ile bila kupigwa tupa. Saa ya Kiingereza ya wakati huo ilipita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na kazi yake na nyumba yake, na gurudumu likivunjika halikuwapo jingine duniani la kuingia mahali pale mpaka lichongwe upya. Dennison aliona saa nayo yaweza kuzaliwa kama bunduki. Mwaka 1850, akiwa na Edward Howard, mtengenezaji wa saa za ukutani, na Samuel Curtis aliyetoa fedha, walianza kazi Roxbury, jirani na Boston. Saa zao za mwanzo kuuzwa ziliandikwa Warren, jina la shujaa wa vita vya uhuru aliyezaliwa Roxbury, kisha zikaandikwa Samuel Curtis. Ukikuta moja leo, usiiguse kwa bisibisi. Itafutie bima kwanza.

Vumbi la Roxbury liliwashinda. Mwaka 1854 walihamia Waltham, kando ya mto Charles, mji uliokuwa tayari na jina kwa viwanda vya pamba. (Wazee wa pwani yetu waliovaa merikani iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem walivaa kazi ya jimbo hilohilo la Massachusetts.) Mitambo ilikuwa bora kuliko mahesabu. Mwaka 1857 kampuni ilifilisika, ikapigwa mnada, na Royal Robbins akaichukua kwa dola 56,500. Mashine ya saa iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo ikabaki na jina la mwaka huo, Modeli ya 1857, na iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka wa modeli ni mwaka mchoro ulipoanza kutumika. Waltham ya Modeli ya 1883 huenda ilitoka kiwandani karne ya ishirini imekwisha kuingia. Hali kadhalika tarehe za hataza. Kwenye saa nyingi za Waltham utasoma jina la Fogg na tarehe ya Februari 14, 1865. Ni tarehe ya hataza ya gurudumu dogo lililobuniwa lifunguke lenyewe springi kuu inapokatika, ili meno ya magurudumu mengine yasivunjike. Saa yenyewe inaweza kuwa changa kuliko tarehe hiyo kwa miaka mingi. Muuzaji atakuonyesha 1865 kwa kidole chake, wala hasemi uongo, namba ipo. Ila inasema jambo jingine.

Kitu kinachosaidia zaidi ni jina la kampuni, kwa sababu lilibadilika. Mashine iliyoandikwa American Watch Co. ni ya kabla ya 1885. American Waltham Watch Co. ni ya tangu mwaka huo hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Waltham Watch Co. peke yake ni ya baada ya hapo. Kwa Elgin ni rahisi zaidi: kampuni iliundwa Chicago mwaka 1864 kwa jina la National Watch Company, ikajenga kiwanda katika mji wa Elgin, Illinois, na mwaka 1874 ikaingiza jina la mji ndani ya jina lake. Howard naye, aliyejitenga na wenzake wa Waltham, aliandika E. Howard & Co., Boston; ukiona E. Howard Watch Co. ujue jina limekwisha kununuliwa na watengenezaji wa makasha wa Keystone, baada ya 1902.

Majina mengine yaliyoandikwa kwa herufi za madaha yasikupoteze. B. W. Raymond si mwenye saa. Alikuwa meya wa zamani wa Chicago na rais wa kwanza wa kampuni ya Elgin, nayo mashine ya kwanza ya kiwanda hicho, iliyotoka 1867 ikiwa na namba 101, ikapewa jina lake. P. S. Bartlett alikuwa msimamizi kiwandani Waltham. Crescent Street ni mtaa uliopita mbele ya kiwanda. William Ellery alitia saini azimio la uhuru, na mashine ya bei nafuu iliyopewa jina lake ndiyo iliyoingia katika mifuko ya askari wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo ndivyo vilivyoiokoa Waltham: askari mwenye mshahara alitaka saa, na kiwanda kilikuwa na mitambo ya kumtolea.

Sasa namba. Kila kiwanda kilikuwa na mfululizo wake, na mfululizo ulikwenda sambamba na miaka. Elgin ilipita milioni 9 karibu na mwaka 1900, ikafika kama milioni 15 mwaka 1910 na milioni 23 mwaka 1920. Ukiwa na mashine ya Elgin yenye namba inayoanzia milioni 12 na ushei, umefika kwenye 1905 hivi. Nasema hivi kwa makusudi. Viwanda viligawa namba kwa mafungu: mashine za daraja fulani zilitengewa fungu lake mapema, nazo zikatengenezwa polepole, pengine zikakaa ghalani hadi duka litakapoziagiza. Mwaka unaoupata ni wa namba. Siku saa ilipoingia mfukoni mwa mtu kwa mara ya kwanza ni habari nyingine. Wanunuzi wanaotaka mwezi na siku huuziwa mwezi na siku, na huo ni udhaifu wao.

Namba ya kasha ni mfululizo mwingine kabisa, wa kampuni nyingine. Duka la saa la Marekani la miaka ya 1880 liliendeshwa hivi: mteja alichagua mashine, kisha akachagua kasha, muuzaji akazioanisha palepale juu ya kaunta. Keystone, Crescent, Fahys, Dueber na wengine waliishi kwa makasha. Ndiyo maana saizi zilipangwa. Saizi 0 ni inchi 1 na 5/30, na kila saizi inaongeza moja ya thelathini ya inchi. Saizi 18 ni karibu milimita 45, saizi 16 karibu milimita 43, saizi 12 karibu milimita 40. Mashine ya saizi 18 ya Elgin iliingia katika kasha la saizi 18 la yeyote. Kipimo hiki ni cha mashine, upande wa uso, wala usipime kasha.

Kwa hiyo swali la pili la mchunguzi ni kama mashine na kasha vimekaa pamoja tangu mwanzo. Fungua mgongo; makasha mengi ya uso wazi hufunguka kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, mengine yana bawaba. Tafuta parafujo mbili za pembeni zinazoshikilia mashine. Kichwa cha kila parafujo huacha alama kwenye ukingo wa kasha, mkwaruzo mdogo wa nusu duara. Zikiwa alama ni mbili tu, na zimekaa chini ya parafujo sawasawa, vizuri. Ukiona alama nyingine kando, tupu, kasha hilo liliwahi kubeba mashine nyingine. Angalia pia mahali pa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa kasha lenye mfuniko mbele huwa na kitufe cha kutilia ufunguo penye 3 na duara la sekunde penye 6. Ukiikuta katika kasha la uso wazi, 12 imelala upande, basi mtu aliunganisha alivyopata. Dhahabu ilipopanda bei karibu na 1980, makasha mengi yaliyeyushwa na mashine zikabaki uchi kwenye droo za mafundi; ndoa nyingi za leo ni za baada ya hapo.

Maandishi ya kasha nayo yana ujanja wake. Dhahabu ya kuvika ilianza kwa hataza ya James Boss ya 1859: mabamba mawili membamba ya dhahabu na shaba katikati. Makasha hayo yaliandikwa dhamana ya miaka 20 au 25, maana yake dhahabu haitakwisha kwa kusuguliwa kabla ya miaka hiyo. Dhahabu tupu haihitaji dhamana ya miaka. Ukiona neno la miaka, umeshajua si dhahabu tupu, na umeshajua kasha ni la kabla ya 1924, serikali ilipokataza maneno hayo.

Ujanja mwingine ulitoka Uswisi. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya Philadelphia, Waltham iliweka mtambo uliotoa parafujo ndogo wenyewe, bila mkono wa mtu. Waswisi walishtuka. Jacques David, mhandisi wa Longines, alitumwa kuchunguza viwanda vya Marekani, akarudi na taarifa ndefu iliyowaambia wenzake wazi kwamba wameachwa nyuma. Baadhi yao walijenga upya viwanda vyao. Wengine walipitia njia ya mkato: saa duni zenye majina yanayofanana na ya Kimarekani, gari moshi limechongwa mgongoni ili zionekane za reli. Saa ya kweli ya reli kwa kawaida haijichori gari moshi. Tena mashine ya bandia mara nyingi haina namba, au ina namba isiyoingia katika mfululizo wa kiwanda chochote.

Reli ndiyo iliyoleta saa bora za nchi hiyo. Novemba 18, 1883 makampuni ya reli yaliachana na majira ya kila mji na kushika kanda za saa. Aprili 1891, huko Kipton, Ohio, treni mbili ziligongana uso kwa uso na watu kadhaa wakafa. Uchunguzi ulisema saa ya dereva mmoja ilisimama dakika nne kisha ikaendelea kwenda kama kwamba hakuna kitu. Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, akapewa kazi ya kukagua saa za reli, na masharti yaliyoenea baada ya hapo yanaonekana kwenye kila saa ya daraja la reli: uso wazi, saizi 18 au 16, vito vya kupunguza msuguano visivyopungua 17, mashine iliyorekebishwa iende sawa katika mikao mitano, tofauti isizidi sekunde 30 kwa wiki, tarakimu nyeusi nene juu ya uso mweupe.

Na kulikuwa na kiwiko. Ili kutia majira saa ya reli, unafungua kwanza kioo cha mbele, unatafuta karibu na tarakimu 1 kipande chembamba cha chuma ukingoni mwa uso, unakivuta nje kwa ukucha, ndipo kitufe kinageuza akrabu. Kisha unakisukuma ndani na kufunga kioo. Ni usumbufu uliokusudiwa: dereva anayechomoa saa yake kwa haraka asije akasogeza dakika bila kujua. Hamilton ya Lancaster, Pennsylvania, iliyoanzishwa 1892, ilishika soko hilo kwa modeli yake ya 992. Elgin nayo ilijenga kituo cha kutazama nyota mwaka 1910 ili ichukue majira kutoka mbinguni.

Mwenye mfuko mwepesi alinunua Ingersoll ya dola moja, iliyotoka 1896. Haikuwa na vito, haikuwa na madaha, lakini ilikwenda.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia saa ya mkononi iliila ya mfukoni. Hamilton iliinunua kampuni ya saa ya Illinois, ya Springfield, mwishoni mwa miaka ya 1920. Waltham ilifunga kazi ya saa 1957. Mnara wa kiwanda cha Elgin ulibomolewa 1966, na Hamilton ikaacha kutengeneza saa Marekani 1969. Hampden ya Canton, Ohio, ilikwisha kwa namna ya peke yake: mwaka 1930 mitambo yake yote ilinunuliwa na Umoja wa Kisovyeti, ikapakiwa na kupelekwa Moscow, na mafundi wake ishirini na kitu wakaifuata ili kufundisha. Saa za kwanza za kiwanda kile cha Moscow zilifungwa kwa vipande vilivyobaki Canton, kwa hiyo zipo saa zenye maandishi ya Kirusi usoni ambazo magurudumu yake yalikatwa Ohio.